Kaptula za mlingotini si za maringo

Nairobi bado wapo wanaoamini kwamba anayecheza dansi ya mlingotini, ile ya kujishikilia na kuzunguka kwenye nguzo ya chuma, huvaa kaptula fupi ili atazamwe. Sivyo. Kinachoshika chuma ni ngozi: nyuma ya goti, paja la ndani, kwapa. Suruali ndefu huteleza, na mafuta ya kujipaka, hata yale ya asubuhi, yatakushusha sakafuni kabla hujajipanga. Ndiyo maana hata wanamichezo wa mashindano huvaa hivyo hivyo.

Dansi ya tumbo haina shida hiyo. Misri wengi huicheza ndani ya galabia, yaani kanzu ndefu, leso kiunoni.

Unafunga mlingoti wa kukaza, ule unaobanwa kati ya sakafu na dari, kwenye fleti, tuseme Umoja? Gonga dari kwanza. Ikilia tupu huenda ni jipsamu, nayo haibebi mtu. Tafuta zege.