Cheti cha chanjo na cheti cha ukoo

Februari 2025 kundi letu la WhatsApp la wataalamu wa mifugo hapa Kigoma lilibishana siku kadhaa kuhusu mbwa wa New York. Jina lake Monty, Giant Schnauzer mweusi mwenye ndevu zilizochanwa kuliko za mashekhe wetu wa Ujiji. Alikuwa ametwaa taji kuu la maonyesho ya mbwa ya Westminster pale Madison Square Garden, wa kwanza wa mbegu yake tangu maonyesho hayo yaanze mwaka 1877. Ilipofika Juni, kundi lile lile likahamia kwenye amri ya Rais Trump ya kuzuia viza za Marekani kwa raia wa nchi kadhaa. Wenzangu waliona wamebadilisha mada. Mimi niliona tunaendelea na ile ile.

Nianze na maonyesho, maana wengi hudhani mwamuzi hushindanisha mbwa na mbwa. Sivyo. Kila mbegu ina maandishi yanayoeleza mbwa kamili wa mbegu hiyo awe vipi: urefu wa bega, mpangilio wa meno, mwendo, manyoya. Mwamuzi hukagua kwa macho na mikono, akampima kila mbwa kwa maandishi yake. (Dume hukaguliwa hata korodani kama zote mbili zimeshuka. Sijui kwa nini televisheni hupita haraka hapo.) Washindi wa mbegu huingia kwenye makundi 7, na washindi wa makundi ndio wanaowania taji kuu. Lakini kabla ya yote hayo kuna mlango: kitabu cha ukoo. Kama baba na mama hawajaandikwa, mbwa haingii ulingoni, hata awe mzuri vipi.

Nenda mwalo wa Katonga asubuhi, dagaa wakiwa wameanikwa, utazame mbwa wanaozunguka pale. Utamwona mmoja masikio wima, mkia umejikunja juu ya kiuno, paji la uso lina mikunjo kama anafikiria deni. Mweke karibu na picha ya basenji, mbegu inayotambulika dunia nzima, na hutapata tofauti kubwa. Wala si ajabu. Basenji ametoka Congo. Waingereza walimchukua huko na mwaka 1937 wakamwonyesha Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya kwao. Baadaye kitabu kikafungwa: basenji ni mtoto wa basenji walioandikwa, basi.

Damu ikifungiwa hivyo, gharama yake huja polepole. Mbwa wachache wa mwanzo wakazaana wao kwa wao, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukawa wa kawaida kwenye mbegu hiyo: figo zinashindwa kurudisha sukari na madini mwilini, vyote vinatoka na mkojo, mbwa anakunywa maji asitosheke huku akikonda. Wafugaji wenyewe ndio walioomba mlango ufunguliwe. Mwaka 1990 chama cha Marekani kinachotunza vitabu hivyo, American Kennel Club, kikakubali kuandika mbwa 14 waliotoka Afrika, na kati ya 2009 na 2013 kikafungua tena. Mbwa wa kijijini, wasio na karatasi hata moja, ndio walioitwa kuokoa wenye karatasi.

Karatasi ya pili ndiyo ninayoiandika mimi kazini. Tangu Agosti 2024 mbwa anayeingia Marekani lazima awe na umri wa miezi 6 au zaidi, awe na chipu (kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi), na aonekane mzima. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo wa kwetu aliyechanjwa huku anadaiwa zaidi: cheti cha chanjo, kipimo cha damu kutoka maabara inayotambuliwa ili usisubiri karantini ya siku 28, na nafasi kwenye kituo maalumu akifika. Mpangilio ni muhimu. Chipu kwanza, sindano ya chanjo baadaye, kwa sababu chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki: nani ataapa kuwa ni mbwa yule yule? Ni usumbufu na ni ghali. Ila angalia masharti yenyewe yanauliza nini. Yanauliza mbwa huyu amekuwa wapi miezi 6 iliyopita na amefanyiwa nini. Koko wa Katonga akitimiza hayo anapanda ndege, na Monty akikosa anabaki.

Turudi kwenye ile amri. Burundi, majirani zetu hapa, iliwekwa kwenye zuio la sehemu, na viza za matembezi, biashara na masomo zikasitishwa. (Congo iliyotajwa ilikuwa ya Brazzaville, ingawa mwaloni kulikuwa na waliokwisha kuiombolezea hii ya Kinshasa, ng'ambo ya ziwa.) Sababu iliyoandikwa ni kwamba asilimia 15 hivi ya Warundi wenye viza za matembezi na biashara hukaa Marekani kupita muda walioruhusiwa. Maana yake kama 85 katika kila 100 hurudi kwa wakati. Kijana wa Bujumbura ambaye hajawahi kuvunja sharti lolote hana chipu ya kuwekewa wala damu ya kupimwa ili aonekane yuko salama. Kwa lugha ya kazi yangu, hilo si sharti la chanjo. Ni kitabu cha ukoo.

Wala tusiwacheke Wamarekani. Hapa hapa Kigoma Muha akienda kutafuta kitambulisho au pasipoti, anaweza kuulizwa babu yake alizaliwa wapi, kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana na sura hazitofautiani. Babu mwenyewe alizaliwa kabla ya cheti chochote. Lakini nchi hii hii, mwaka 2014, iliwapa uraia watu wapatao 162,000 waliokimbia Burundi mwaka 1972 pamoja na watoto wao, kule Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba na Mishamo. Kilichoangaliwa hapo ni miaka waliyoishi na kulima. Kwa hiyo tunazijua njia zote mbili, na tunachagua.

Mimi kwenye chanjo sina nafasi ya kuchagua. Ili kichaa cha mbwa kisisambae, inabidi tuchanje angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na aliyeshuka na boti jana kutoka Kalemie, Congo, yumo kwenye hesabu hiyo. Tukija mtaani kwenu, mleteni kila mbwa, mkimfunga kamba. Msiwaache vitoto nyumbani eti bado wadogo, nao wanachanjwa. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa jirani na anaonekana mzima.