Walter Schloss na kazi ya kungoja bei

Vijana wanaotaka kuingia katika kazi hii ya kusimamia fedha za watu huniuliza waanze kusoma habari za nani. Huwaambia: Walter Schloss, mwekezaji wa Marekani aliyenunua hisa za bei rahisi. Wengi walitarajia nimtaje Warren Buffett, mwekezaji maarufu kuliko wote, na ni kweli wawili hao waliwahi kukaa ofisi moja. Lakini Buffett ana jicho la kuitambua biashara bora ambalo wengi wetu hatukujaliwa. Njia ya Schloss inafuatika na mtu yeyote mwenye kikokotoo, ripoti za mwaka na moyo usiopapatika.

Hakusoma chuo kikuu. Mwaka 1934, akiwa na miaka 18, aliajiriwa Wall Street, mtaa wa masoko ya fedha wa New York, kama tarishi wa kupeleka hati kutoka ofisi hii hadi ile. Akaomba kuhamia idara ya uchambuzi, akakataliwa. Ila Armand Erpf, aliyekuwa akiisimamia idara hiyo, alimpa ushauri: akasome kitabu kipya cha Benjamin Graham na David Dodd kuhusu uchambuzi wa hisa na dhamana. Alikisoma, kisha akajiandikisha katika masomo ya jioni ya Graham mwenyewe. Vita vikaja, akaenda jeshini, na aliporudi mwaka 1946 Graham akamchukua katika kampuni yake ya uwekezaji, Graham-Newman. Mwaka 1955 aliondoka kuanzisha mfuko wake, akiwa na wabia 19 na dola 100,000.

Pale kwa Graham alijifunza hesabu moja ambayo hadi leo naifanya kwa mkono. Chukua kampuni ambayo fedha zake taslimu, fedha inazowadai wateja na bidhaa zake ghalani vinafika dola milioni 50. Toa madeni yote, ya muda mfupi na ya muda mrefu; tuseme ni milioni 30. Zinabaki milioni 20. Kiwanda, mashine na ardhi hatujavigusa kabisa. Kampuni ikiwa na hisa milioni 2, kila hisa imebeba dola 10. Graham alitaka kuinunua kwa theluthi mbili ya hapo au chini, yaani isizidi dola 6.67.

Hisa ya namna hiyo haiwi rahisi bila sababu. Kampuni imepata hasara, gawio limekatwa, magazeti yameiandika vibaya, na kila aliyenayo anatamani kuitua. Baada ya mdororo mkubwa wa miaka ya 1930 zilikuwapo tele. Soko lilipopanda zikaadimika, na Schloss akaanza kulinganisha bei na thamani ya kampuni vitabuni, yaani mali zote ukitoa madeni, mashine na majengo yakiwemo. Kipimo kilibadilika, swali likabaki lile lile: nikilipa bei hii, nyuma yake kuna mali ya kiasi gani, na deni la kiasi gani? Deni alilichukia sana.

Hapo kwenye mali ndipo nilipoumia mimi. Miaka yangu ya mwanzo nilinunua hisa za kampuni moja ya nguo. Kwa hesabu ya hapo juu bei ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi, nami nikaona nimeokota dhahabu. Sikusoma maelezo ya kurasa za mwisho za ripoti. Bidhaa ghalani zilikuwa zimeongezeka ilhali mauzo yanashuka. Zilikuwa nguo za misimu iliyopita, na hakuna aliyezitaka. Mwaka uliofuata zilifutwa vitabuni, na unafuu wote nilioupigia hesabu ukaenda nazo. Graham alikuwa ameshaonya: ukikadiria kampuni ingeleta nini ikifungwa, fedha inazowadai wateja zihesabu kwa asilimia 75 hadi 90, na bidhaa ghalani kwa asilimia 50 hadi 75 tu. Siku hizi naanzia kurasa zile za mwisho.

Kukosea kwa namna hiyo hakukwepeki, na ndiyo maana Schloss alishika kampuni nyingi kwa wakati mmoja, mara nyingi zaidi ya 100. Alinunua kidogo, bei ikishuka akaongeza, na kwa wastani alikaa na hisa kama miaka minne.

Miaka minne! Kwa sisi tulio kwenye kazi hii huo ni umri mzima. Anayenunua vitu vilivyokataliwa na wengine lazima apite kipindi cha kuonekana hajui kazi, na katika kipindi hicho ndipo mteja hupiga simu kudai fedha zake. Nimeona wachambuzi hodari wakiuza hisa nzuri kwa hasara, si kwa kubadili maoni yao, bali kwa kuwa fedha zilikuwa zinaondoka mlangoni.

Kwa hiyo ninachomsifia Schloss kuliko hesabu zake ni namna alivyoipanga ofisi. Hakutoza ada ya usimamizi. Alichukua robo ya faida, na pasipo faida hakupata kitu. Wabia hawakuambiwa anashika hisa zipi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumsumbua juu ya kampuni fulani. Alipanga nafasi ndogo ndani ya ofisi ya Tweedy, Browne, kampuni ya uwekezaji ya New York. Hakuwa na katibu wala mtunza hesabu. Msaidizi wake alikuwa mwanawe Edwin, aliyejiunga naye mwaka 1973. Kuna mwaka gharama za ofisi zilikuwa dola 11,000, wakati mapato halisi yalikuwa dola milioni 19. Mtu mwenye gharama ndogo kiasi hicho halazimiki kutafuta wateja wapya kila mwezi, wala kuwafurahisha.

Matokeo yake Buffett aliyataja katika hotuba yake Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1984. Tangu 1956 hadi mwanzo wa 1984, wabia wa Schloss walipata asilimia 16.1 kwa mwaka baada ya kumlipa, fahirisi ya S&P (kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani) ikipata 8.4. Aliyeweka dola 1,000 na kuziacha zizaliane angekuwa na karibu 67,800. Kwenye fahirisi angekuwa na kama 9,900.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Edwin alimwambia baba yake kwamba haoni tena hisa za bei nafuu. Robo ya faida ilikuwa bado inawangoja kama wangeendelea, na wabia wasingekataa. Wakafunga mfuko, wakawarudishia watu fedha zao.