Kwa nini mimi, mtu wa TB, nauliza habari za mablanketi rumande

Nikiingia wadi ya rumande hutazama madirisha kabla ya kutazama watu. Wenzangu wamezoea kunicheka kwa hilo. Mimi ni afisa wa tiba, na kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu imekuwa kifua kikuu, hii TB ambayo wengi wa Nairobi wanadhani iliondoka na babu zetu. Kliniki yetu iko Eastlands. Mgonjwa wetu akikamatwa hatumwachi, tunamfuata huko huko na dawa zake. Rumande zenyewe sitazitaja kwa majina, maana ninayoyaeleza si ya moja tu, na pia bado nahitaji kufunguliwa geti.

Juzi kwenye matatu ya Jogoo Road redio ilikuwa na mjadala: wafungwa watendewe utu zaidi, ama wanyooshwe? Msikilizaji mmoja akapiga simu akasema jela si hoteli. Mwizi akipewa godoro, akauliza, mama yangu anayelala sakafuni Mukuru apewe nini? Gari zima likamuunga mkono, makanga akiwa wa kwanza. Mimi nikanyamaza. Jibu ninalo, ila linaanzia mapafuni, na Muthurwa tulikuwa tumeshafika.

Mtu mwenye TB ya mapafu akikohoa, akiimba, hata akiongea kwa sauti, hutoa vitone vidogo mno ambavyo huelea hewani kwa saa kadhaa. Huambukizwi na sahani yake wala kwa kumpa mkono. Unaambukizwa kwa kuvuta hewa aliyoitoa, tena kwa muda. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mgonjwa asiyetibiwa anaweza kuwaambukiza watu 5 hadi 15 walio karibu naye kwa mwaka. Huyo ni mtu wa kawaida, anayetoka nje, anayekaa kibarazani. Sasa mchukue, mlaze na wenzake ubavu kwa ubavu, mmoja akitaka kugeuka safu nzima igeuke naye. Funga mlango kabla jua halijatua, ufungue asubuhi. Rudia kila siku mpaka kesi isikizwe.

Mama yeyote aliyepikia chumba cha mabati anaielewa sayansi hii kuliko wanafunzi wangu. Jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa huua. Fungua dirisha la huku na la kule, moshi unapita. Vijidudu vya TB vina tabia ya moshi huo, ila haviwashi macho, kwa hiyo hakuna anayekimbilia mlango. Katika chumba maalum cha kumtenga mgonjwa, Shirika la Afya hutaka hewa yote ibadilike angalau mara 12 kwa saa. Sidai wadi ya rumande ifike huko. Madirisha wazi pande mbili yangenitosha kabisa.

Na madirisha yapo! Nilipoanza kazi hii nilidhani mwenye makosa ni fundi aliyejenga. Kisha nikaenda mwezi wa Julai. Anayeijua Nairobi ya Julai anajua ile baridi ya asubuhi isiyo na jua, inayopanda kutoka kwenye simiti hadi kwenye magoti. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa, kwa katoni, magunia, mikono ya shati iliyokatwa, karatasi za nailoni. Nikamuuliza nyapara ni nani aliyeyaziba. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa ni nani huleta usiku.

"Daktari, hii sakafu utaiweza na shati peke yake?"

Walikuwa wakigawana blanketi moja watu watatu, wengine hawana kabisa. Nilianza kuhesabu watu, nikaacha nilipopita sitini, na wadi ile ilionekana wazi kuwa ya watu wachache zaidi. Walikuwa wamechagua kati ya ugonjwa ambao labda utakuja na baridi ambayo tayari imefika. Ningekuwa mimi, ningetafuta katoni pia.

Niliporudi nikaandika ripoti. Pale kwenye mahitaji, ambapo huwa naandika barakoa na vikopo vya makohozi, nikaandika mablanketi. Karatasi ikarudi na alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Nadhani walifikiri nimeanza kazi ya msaada. Lakini fuateni mnyororo wenyewe: blanketi likikosekana, dirisha linazibwa. Dirisha likizibwa, hewa inasimama, na kikohozi cha mtu mmoja kinakuwa cha wadi. Tunachokiita starehe ya mfungwa, mimi kwenye daftari langu ni kifaa cha kinga, sawa na barakoa.

Hili si jipya. London, mwaka 1750, washtakiwa waliletwa mahakama ya Old Bailey kutoka gereza la Newgate wakiwa na homa ya jela, ambayo leo tunajua ni taifasi inayoenezwa na chawa. Makumi ya watu waliokuwa mahakamani walikufa, wakiwemo meya wa jiji na majaji wawili. Enzi hizo walidhani harufu ndiyo inayoua, basi wakaanza kuweka majani na maua yenye manukato mbele ya majaji. Maua hayakumzuia chawa hata mmoja. Kilichohitajika kilikuwa maji, sabuni na nguo safi kwa wale ambao hakuna aliyetaka kuwapa.

Kwetu, Moody Awori alipokuwa akisimamia magereza mwaka 2003 aliingiza magodoro, sare bora na televisheni, na wapo waliocheka. Televisheni mnaweza kunipinga. Godoro, hapana. Godoro humwinua mtu kutoka kwenye simiti, na aliyeinuka kwenye simiti hana sababu kubwa ya kuziba dirisha. Shida ni kwamba hesabu ya watu hula kila kinacholetwa. Kwa miaka mingi magereza ya Kenya yamebeba karibu mara mbili ya watu yaliyojengewa, na sehemu kubwa yao ni mahabusu, watu ambao bado hakuna hakimu aliyewaona na hatia.

Mmoja wao alikuwa kijana wa Mukuru (nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike). Alikuwa mwezi wa pili wa dawa, tena mgonjwa mzuri, hakosi siku. Akakamatwa Ijumaa jioni. Katiba inasema mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia wikendi anangoja siku ya kazi inayofuata, na polisi wa jiji hili wanaijua Ijumaa vizuri. Siku tatu selini bila dawa. Jumatatu akapewa dhamana ya pesa taslimu shilingi 20,000. Mama yake ni mama fua. Basi kijana akaenda rumande.

Alipoingia aliulizwa maswali manne tunayouliza kila mahali: kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Akajibu hapana yote manne. Nilipomfikia wiki ya tatu nikamkemea, naye akaniambia jambo ambalo vitabuni sikulisoma. Dawa yetu kuu, rifampisini, hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa iliyoiva, karibu nyekundu. Nyumbani hiyo haina neno, unaenda choo cha ploti na hakuna anayejua. Ndani usiku kuna ndoo moja, katikati ya watu wote. Alijua wenzake wangeona, wangejua ana ugonjwa, wangemsukuma mlangoni kwenye baridi. Aliamua ni heri anyamaze.

Nimefundisha kuhusu rifampisini miaka mingi, hata mara moja sikufikiria ndoo. Ukinyimwa choo chenye mlango umenyimwa siri yako ya matibabu, na ukinyimwa siri unaacha dawa. TB ya kawaida hutibiwa miezi 6, miwili ya dawa nne na minne ya dawa mbili, na baada ya wiki chache za dawa wengi hawaambukizi tena. Ukiikatakata dawa, vijidudu vinajifunza. Vinakuwa sugu, na hapo tiba inakuwa ngumu, ya gharama, na pengine ndefu kuliko kifungo chenyewe.

Kijana huyu tulimrudisha kwenye dawa. Hakuwa sugu, tulibahatika.

Kuna kisa kingine kinachoonyesha tulivyochanganya hospitali na jela. Mwaka 2010 kule Kapsabet, wagonjwa wa TB walioacha dawa walipelekwa kortini kwa kutumia Sheria ya Afya ya Umma, wakaamriwa kuzuiliwa gerezani miezi 8 ili watibiwe. Tafakari hilo: unamchukua mtu unayedai anahatarisha majirani zake, unamweka mahali penye majirani wengi zaidi kwa kila mita ya mraba katika kaunti nzima. Walikaa siku 46 kabla ya kuachiliwa. Machi 2016 Mahakama Kuu hapa Nairobi ikaamua kwamba sheria ile hairuhusu kumfungia mgonjwa gerezani, ikaiagiza serikali itengeneze sera ya kutenga wagonjwa inayoheshimu haki zao. Siku hiyo tulikunywa chai ya maziwa kliniki, na mkubwa wetu ndiye aliyelipa, jambo la nadra.

Hakimu wa Makadara akisoma hukumu husema miezi sita. Hasemi miezi sita pamoja na TB. Kila kinachoongezwa juu ya uhuru ulioondolewa ni adhabu ambayo hakuna aliyeitamka, na kwa mahabusu hata hiyo miezi sita haijatamkwa. Ibara ya 51 ya Katiba inasema aliyezuiliwa hubaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo haziwezekani kwa hali ya kuzuiliwa. Kupumua kunawezekana jela. Umoja wa Mataifa, katika kanuni zilizopitishwa mwaka 2015, unataja waziwazi nafasi ya sakafu, mwanga na hewa, na matibabu ya kiwango kile kile walicho nacho walio nje. Kanuni hizo zilipewa jina la Nelson Mandela, na wengi husahau kwamba Mandela mwenyewe alipatikana na TB mwaka 1988 akiwa gereza la Pollsmoor, katika seli yenye unyevunyevu.

Narudi kwa yule msikilizaji wa redio, kwa sababu swali lake silidharau. Mama wa Mukuru ana haki ya kukasirika. Ila yeye ana ufunguo. Kikohozi kikimzidi anaweza kuondoka kesho asubuhi hadi zahanati, na dawa za TB kwenye vituo vya serikali ni bure. Yule aliye ndani hawezi hata kusogea karibu na dirisha bila ruhusa ya safu nzima. Serikali ikishika ufunguo imeshika na mapafu. Najua jibu hili halimpi yule mama godoro. Lakini mahabusu wengi wa Mukuru hurudi Mukuru, kwenye mabati yale yale na kuta za kusikilizana, na askari jela naye akitoka zamu hurudi laini, kwenye nyumba za wafanyakazi, akabebe mtoto wake. Nimewatibu askari. Hakuna aliyewauliza walifungwa kwa kosa gani.

Na mimi pia si malaika. Karatasi ya mashtaka ya mgonjwa siisomi. Niliwahi kuisoma mara moja, na kwa wiki nzima mkono wangu ulikuwa mzito nikimpimia dawa. Alikunywa zote akapona. Sijui kama nilifurahi.

Kuhusu msongamano, mawakili wanajua kuliko mimi, kwa hiyo nitapita haraka. Ibara ya 49 inakataza kumweka rumande mtu ambaye kosa lake ni la faini tu au kifungo kisichozidi miezi 6. Tangu 1998 tuna sheria ya huduma kwa jamii kwa vifungo visivyozidi miaka 3. Zikitumika ipasavyo, wadi zangu zitapumua bila senti moja ya daktari.

Ninaloweza kukuambia vizuri ni la kufanya kama ndugu yako yuko kwenye dawa za TB na amekamatwa. Kadi yake ya kliniki ipige picha kwa simu leo, kabla halijatokea lolote. Akifikishwa kortini, yeye mwenyewe au wakili amwambie hakimu palepale kwamba anatibiwa. Hakimu anaweza kuamuru ahudumiwe, na amri hiyo ikiwa kwenye faili ina nguvu kuliko kubembeleza getini. Pigia kliniki yake waanzishe uhamisho wa dawa. Mwambie mapema kuhusu rangi ya mkojo, awaambie wenzake ni dawa kabla hawajauliza. Walio nyumbani mje mpimwe, hasa watoto chini ya miaka 5, maana ipo dawa ya kinga.

Na mkimpelekea kitu, iwe blanketi. Ulizeni kwanza getini. Kuna siku wanaruhusu na siku wanakataa, na miaka yote hii sijagundua ni kwa hesabu gani.