Kumwigiza Shylock: Kinachokatwa na Kinachobaki

Msimu huu wa matamasha ya vyuo, ofisi yetu ya vibali vya ukumbi imepokea malalamiko kuhusu maonyesho ya "Mabepari wa Venisi", tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, "The Merchant of Venice", iliyochapishwa mwaka 1969. Katika onyesho moja, Shylock, Myahudi mkopeshaji fedha, alibandikwa pua ndefu ya karatasi, na ukumbi ukaangua kicheko kabla hajatamka neno.

Tunaamini vijana wale hawakukusudia ubaya. Hata hivyo, pua ile haimo katika maandishi ya Shakespeare. Tamthilia hii iliandikwa takriban mwaka 1596, ilhali Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu 1290, hivyo watazamaji wengi wa London walimjua Myahudi wa kusimuliwa tu. Huko Venisi kwenyewe, kuanzia mwaka 1516, Wayahudi walifungiwa usiku katika mtaa wao na kuzuiwa kazi nyingi, na kukopesha kwa riba kukawa miongoni mwa chache walizoruhusiwa. Mwaka 1943, mjini Vienna chini ya Wanazi, mwigizaji Werner Krauss alimwigiza Shylock kama kiumbe cha kuchukiza, wakati Wayahudi wengi wa mji huo walikuwa wamekwisha kusafirishwa kwenda kuuawa.

Kosa linalotusumbua zaidi ni la mkasi. Waongozaji, kwa kutaka adabu, hukata maneno kuhusu Antonio, mfanyabiashara Mkristo anayekopa kwa Shylock, kumtemea mate Shylock na kumwita mbwa, kisha hukiacha kisu ambacho Shylock hukinoa kwenye soli ya kiatu mahakamani ili amkate Antonio ratili ya nyama kwa deni lisilolipwa. Mtazamaji aliyenyimwa mate akaachiwa kisu huondoka na Myahudi katili asiye na sababu.

Wanaoeneza kwamba tumeipiga marufuku tamthilia hii wanakosea, na tumekwisha kulieleza hili mara nyingi mno. Mwombaji huwasilisha nakala mbili za muswada, zenye alama mahali palipokatwa, pamoja na michoro ya maleba na vipodozi, siku 21 kabla ya onyesho. Wakaguzi wawili huusoma kila mmoja peke yake. Penye kasoro mwongozaji huitwa, naye hupewa siku 7 za kurekebisha. Atakayebadilisha maleba baada ya kibali kutolewa hupoteza amana yake ya ukumbi, na akirudia hatapangiwa tarehe msimu unaofuata. Hoja kwamba huku kwetu hakuna Wayahudi wa kukwazika haipokelewi: sinagogi ipo Nairobi, na Waabayudaya, jamii ya Waganda wafuasi wa dini ya Kiyahudi, wapo karibu na Mbale, Uganda.

Ombi letu mahususi linahusu mwisho wa kesi, ambao hupitishwa haraka ili watu wafikie furaha ya wanandoa na vicheko. Shylock ameamriwa kuacha dini yake. Anaomba aruhusiwe kwenda kwa kuwa hajisikii vizuri. Mwachieni mwigizaji muda wa kutembea hadi mlangoni, kwa sababu baada ya hapo haonekani tena.