Mizani ya sauti katika msimbo: stirio, mono na udi uliopotea

Nyanya yangu, mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa, husikia kwa sikio la kulia tu. Siku moja nilimvalisha hedifoni asikilize taarabu. Akatulia kidogo, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, udi umekwenda wapi?" Udi ulikuwapo, ila wote ulikuwa chaneli ya kushoto.

Ndani ya kompyuta sauti ni namba. Rekodi ya CD hubeba namba 44,100 kwa sekunde katika kila chaneli, kila namba ikiwa kipimo cha wimbi kwa wakati wake. Mono ni mfululizo mmoja wa namba hizo, spika zote zikapewa kitu kilekile. Stirio ni mifululizo miwili, na tofauti baina yake ndiyo inayotufanya tuhisi fidla iko upande huu na mwimbaji yuko katikati. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliiombea hataza mwaka 1931.

Kurekebisha mizani, yaani uwiano wa sauti kati ya kushoto na kulia, kwa msimbo ni kuzidisha tu: chaneli ya kushoto mara namba fulani, ya kulia mara nyingine. Sifuri hunyamazisha, 1 huacha sauti kama ilivyo.

Kuipangia nafasi sauti ya mono kunahitaji uangalifu zaidi. Wengi huanza kwa kuipa kila spika 0.5 sauti ikiwa katikati, kisha hushangaa mbona inafifia kila ipitapo hapo. Nguvu ya sauti hufuata mraba wa namba: 0.25 na 0.25 ni nusu tu ya nguvu. Tumia 0.707 kila upande, miraba yake ikijumlishwa inakaribia 1 kamili. Kwa nafasi nyingine, kosaini ya pembe huenda kushoto na saini kulia, pembe ikitoka nyuzi 0 (kushoto kabisa) hadi 90 (kulia kabisa). StereoPannerNode, zana iliyomo ndani ya vivinjari vya intaneti ya kuipangia sauti nafasi, hufanya hesabu hiyohiyo, nawe huipa namba kati ya -1 (kushoto) na 1 (kulia).

Kwa nyanya, hata hivyo, kusukuma mizani kulia si dawa, kwani kunaufuta udi kabisa. Alichohitaji ni mono: jumlisha kushoto na kulia, gawanya kwa 2, peleka jibu chaneli zote mbili. Usiache kugawanya. Namba za biti 16, kama zile za CD, hukomea 32,767, na jumla ikipita hapo sauti hukwaruza.

Kuna mtego mmoja. Ikiwa ala imerekodiwa chaneli moja ikiwa kinyume cha nyingine, 500 huku na -500 kule, jumla ni sifuri na ala inatoweka, ingawa kwenye stirio ilisikika vizuri. Kwa hiyo nyimbo zote za nyanya sasa nazisikiliza kwa mono kwanza, kabla sijamtilia kwenye simu.