Acheni kuniuliza nani kamleta fangasi wodini

Simu ya wiki hii ilifanana na ya mwezi uliopita, nayo ilifanana na ile ya kabla yake. Daktari ana haraka. Wagonjwa watatu wa ICU moja (wodi ya mahututi), damu zao zimeota Candida auris, fangasi wa jamii ya chachu, na uongozi unataka "DNA ipimwe, ajulikane aliyewaambukiza". Jina tayari lipo: muuguzi wa zamu ya usiku aliyewahudumia wote watatu. Mimi natakiwa nigonge muhuri tu.

Sigongi. Na kwa kuwa nimechoka kulieleza hili kwenye simu, naliandika hapa. Safari ijayo nitatuma kiungo, nirudi kwenye chai yangu.

La kwanza, na silirefushi: hakikisheni ni auris kweli. Mashine za zamani, zile zinazotambua chachu kwa sukari inazokula, zimemwita fangasi huyu kwa majina ya chachu nyingine: Candida haemulonii miaka nenda miaka rudi, mara nyingine Rhodotorula. Ukiona haemulonii sugu kwa flukonazoli, dawa ya fangasi, ilete ipimwe upya.

La pili ndilo linaloniudhi.

Kazi yangu ni kusoma jenomu nzima ya kila sampuli, yaani DNA yote ya fangasi, herufi kama milioni 12, kisha kuhesabu zinapotofautiana. Kati ya ukoo mmoja wa auris na mwingine, tofauti ni makumi ya maelfu ya herufi. Ndani ya ukoo mmoja ni chache mno, hata kwa sampuli za watu ambao hawajawahi kuonana. Hapo ndipo polisi wa kwenye televisheni walipowapoteza watu. DNA ya damu iliyokutwa kwenye kisu humtaja mtu. DNA ya chachu inayozaliana kwa kujigawa hutaja nasaba, basi. Haina mshale wa kuonyesha imetoka kwa nani ikaenda kwa nani.

Chukua kanga. Ukiwakuta wanawake wawili sokoni Kongowea, Mombasa, wamevaa kanga ya jina moja na rangi moja, utasemaje? Pengine wamegawana doti, kila mmoja kipande chake. Pengine kila mmoja kanunua yake duka lile lile. Au ndiyo kanga ya msimu na nusu ya mji wanayo. Ukizikodolea macho kanga zenyewe mpaka jioni hutajua ni lipi kati ya hayo. Lazima uulize kwanza kanga za jina hilo ziko ngapi mjini. Hospitali moja ya Nairobi ilipowahesabu wagonjwa wake waliokutwa na Candida ya aina yoyote kwenye damu kati ya 2010 na 2016, 77 kati ya 201 walikuwa na auris. Penye kanga nyingi kiasi hicho, kufanana kwa sampuli mbili kunathibitisha nini? Bila sampuli za kulinganisha kutoka wodi nyingine na hospitali jirani, kidogo sana. Na sampuli hizo ndizo nisizoletewa kamwe.

Halafu kuna majina ya koo. Asia Kusini, Asia Mashariki, Afrika Kusini, Amerika Kusini, na nyingine zilizoongezwa baadaye. Nikiandika "ukoo wa Afrika Kusini" kwenye ripoti, kesho yake mtu anapekua pasipoti za wagonjwa. Jina hilo linasema tu sampuli za mwanzo kusomwa za ukoo huo zilitoka wapi. Hata auris lenyewe ni Kilatini cha sikio, kwa sababu mwaka 2009 fangasi huyu alielezwa mara ya kwanza kutoka sikio la mgonjwa Japani. Mbona hamniulizi nani kaleta masikio?

Kisa ninachowasimulia wanafunzi ni cha Oxford, Uingereza. Kati ya 2015 na 2017, wagonjwa 70 walikutwa na auris, karibu wote wakiwa wamepitia ICU ya wagonjwa wa ubongo na neva. Jenomu zilionyesha kundi moja lenye nasaba ya karibu, la ukoo huo huo wa Afrika Kusini. Kama wangetafuta mtu, wangempata, maana kwenye ICU kila mtu kamgusa kila mtu. Kilichowaelekeza ni hesabu ya kawaida ya epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea: nani alipata huduma gani, nani hakupata. Wakakifikia kipimajoto cha kwapani, kile kinachounganishwa na monita na kutumika kwa mgonjwa huyu kisha yule. Wakavipangusa vipimajoto hivyo kuchukua sampuli, wakaotesha, wakasoma jenomu, nazo zikalingana na za wagonjwa. Hatua nyingine zilikuwa zimechukuliwa bila mafanikio makubwa. Wagonjwa wapya walipungua vilipoondolewa vipimajoto. Swali la "nani" lisingewafikisha popote.

Kwenye kukanusha ndiko kazi yangu ina nguvu. Nikikwambia sampuli mbili ni za koo tofauti, hapo simung'unyi maneno: fangasi wa sampuli hii hakutoka kwa yule wa sampuli ile, wala hawana mzazi mmoja wa juzi. Nimewahi kuuvunja "mlipuko" mzima namna hiyo. Hakuna aliyenishukuru, walishaandika barua za onyo.

Sasa yangu mimi. Watu wanataka mpaka: zikipishana herufi ngapi ni "yule yule"? Hakuna nambari ambayo maabara zote zimekubaliana. Hesabu hubadilika kwa programu, kwa jenomu uliyolinganisha nayo, kwa sehemu zenye kujirudia ulizoamua kuzitupa. Sampuli zile zile nimezipitisha kwenye programu mbili nikapata hesabu mbili, kisha kwenye ripoti nikaandika moja kana kwamba imeshuka mbinguni. Tena mgonjwa anaweza kumbeba fangasi huyu kwenye ngozi miezi na miezi, na humo mwilini mwake uzao unaanza kupishana. Mimi kwenye sahani ya kuoteshea naokota koloni moja, yaani kidoa kimoja cha chachu iliyoota. Ningeokota ya pembeni yake, pengine jirani wa kitanda cha nne angeonekana ndugu wa karibu zaidi, au wa mbali. Dawa ni kuokota nyingi. Bajeti ni ya kuokota moja.

Sampuli tatu za wiki hii ziko kwenye friji zikisubiri wenzao watimie, kwa sababu mashine haiwashwi kwa tatu. Daktari, wakati tunasubiri, ukasafishe kwa klorini, maana dawa nyingi za kawaida za kufutia humwacha fangasi huyu hai. Na unitumie orodha ya vifaa vinavyohama kitanda hadi kitanda: mikanda ya presha, vipimajoto, mashine ya ultrasaundi. Orodha ya wauguzi umeshanitumia mara mbili. Hii nyingine bado.