Siku za mvua na siku za kukosa eneo

Mimi ni mkadiria majenzi, na makandarasi huniita niwaandalie madai ya nyongeza ya muda na fedha. Kudai si dhambi. Mshitiri, yaani mwenye mradi, akichelewa kuwalipa fidia wenye nyumba, barabara haipiti, na mkandarasi aliyekwisha leta mitambo anaingia hasara isiyo yake.

Tabu huanza masika yanapoingia kipindi hichohicho. Kwa Kitabu Chekundu cha 1999, mkataba wa mfano wa ujenzi wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), kifungu 2.1, kucheleweshewa eneo la kazi kunampa mkandarasi nyongeza ya muda, gharama na faida ya kiasi. Mvua iliyopita kiasi, kifungu 8.4, inampa muda tu, bila senti moja. Mvua ya kawaida haimpi kitu, maana alipaswa kuihesabu alipoomba zabuni. Basi mwenye kampuni, mkopo wa benki ukimkaba, ananiambia: "Ndugu yangu, siku zote hizo ziandike za kukosa eneo. Mhandisi si atakata nusu?"

Yananiuma maneno hayo, kwa sababu yana ukweli. Wapo wahandisi wasimamizi wanaokata kila dai wasionekane laini mbele ya mshitiri. Anayekata haki ya mtu huku anaijua ni mwongo sawa na anayetia chumvi. Lakini shajara ya saiti ipo, imesainiwa na pande zote. Ikionyesha kwamba greda "lililosimama kusubiri eneo" lilikuwa bovu siku hiyo, zile siku za kweli nazo zitatiliwa shaka. Kwa hiyo natenganisha: jedwali la eneo peke yake, la mvua peke yake, na siku ambazo sababu hizo mbili ziligongana naandika kwamba ziligongana.

Kigumu zaidi ni taarifa ya kudai. Kifungu 20.1 kinataka itolewe ndani ya siku 28, la sivyo haki inapotea. Wengi hunyamaza wakiogopa kumuudhi mshitiri na kukosa kazi ijayo, kisha wanataka barua irudishwe tarehe nyuma. Hapo dai ni la kweli kabisa. Barua ndiyo ya uongo. Siiandiki. Naandika ya tarehe ya leo, nikikiri kuchelewa na kueleza sababu. Toleo la 2017 la Kitabu hicho linaruhusu sababu hizo zipimwe. Kwa mkataba wa 1999 mara nyingi tunabaki kuomba hisani ya mshitiri, na wapo waliokosa kila kitu walichostahili.